Laki tatu ya video, na hiyo ya nyuma ya kamera "mtupe tu"

Swali: Shikamoo dada. Tuko vijana watatu hapa Nkuhungu, Dodoma. Tuna kamera moja, lenzi mbili, laptopu na droni ya kuazima. Mwaka wa pili huu tunapiga video za wasanii wa hapa mjini, na kwaya mara mojamoja. Bei yetu ni maelewano, mara nyingi laki tatu, na tukitoa mafuta na chakula tunabaki tunatazamana. Sasa kuna watu wanakuja kupiga filamu upande wa Kondoa. Wametuomba tuwafanyie video ya nyuma ya kamera, ile ya kuonyesha filamu inavyotengenezwa, na mmoja wao amesema "hiyo mtupe tu kama nyongeza, mtapata jina". Mwezi huohuo msanii mmoja anataka video ya wimbo wake. Tukubali yote? Tuchaji vipi? Mwenzetu mmoja anasema tuhamie Dar kwa sababu hapa hakuna soko. Unatushauri nini?

Jibu: Marahaba wadogo zangu. Nimeusoma ujumbe wenu mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno moja: nyongeza. Nyongeza ni ile nyanya moja ambayo mama wa Soko la Majengo anakutupia juu ya fungu ukishalipa. Mtu anayetaka umfuate Kondoa siku tatu na kamera yako, ulale huko, uhoji watu, kisha ukae wiki nzima unahariri, huyo hajaomba nyongeza. Ameomba filamu.

Mnisamehe kwa mfano wa mbali na wa zamani. Mwaka 1983 Michael Jackson alitaka kutengeneza Thriller, video ya karibu dakika 14, na kampuni yake ya muziki haikuwa tayari kubeba gharama ile. Njia waliyopata ni kutengeneza pia filamu ya jinsi video ilivyotengenezwa, wakaiuza kwa vituo vya televisheni, kisha ikauzwa kwenye kanda za video. Fedha za filamu hiyo ya nyuma ya kamera ndizo zilizoibeba video yenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia kazi hiyo ni mabaki ya kazi kubwa, ujue ama hajui biashara yake, ama anaijua vizuri sana.

Hao wa Kondoa nadhani wanaijua. Filamu yao ikiwa bado jikoni, hawana cha kuonyesha watu zaidi ya bango na trela. Kitakacholisha kurasa zao miezi yote hiyo ni picha zenu: mwigizaji anapakwa mekapu chini ya mti, dairekta anabishana na upepo, punda aliyekataa kutembea. "Mtapata jina" ni kweli nusu. Jina litapatikana, ila litakuwa lao.

Sasa bei. Shida ya laki tatu yenu si udogo wake. Shida ni kwamba hamjui imetoka wapi, na ndiyo maana mteja akisema laki mbili na nusu hamna cha kumjibu. Chukueni karatasi mhesabu siku za watu. Video moja ya wimbo: wawili wanatumia siku mbili kukagua sehemu na kupanga, hizo ni siku nne za watu. Siku ya kupiga mko wote watatu, zinakuwa saba. Mhariri anakaa siku tano, zinakuwa 12. Tuseme kila mmoja anataka 40,000 kwa siku, fedha ambayo si ya kujivunia. Hapo ni 480,000, na hamjakodi Noah, hamjala, hamjaweka mafuta kwenye jenereta, wala hamjaweka akiba ya betri itakayokufa mwakani. Ninyi hampati faida ndogo, mnamchangia msanii.

Msikimbilie kumpandishia bei mwenye laki tatu, atakwenda kwa mwingine na hana kosa. Mpunguzieni kazi. Laki tatu inunue sehemu moja, mavazi mawili, jioni moja kuanzia saa 10 hadi jua lizame, na siku mbili za kuhariri. Akitaka kijiji, mji, gari la kukodi na wacheza ngoma, mwonyesheni karatasi ya pili. Mteja akiona karatasi mbili hubishana na karatasi, hagombani na ninyi.

Malipo nitayapitia haraka maana mnayajua, mnaona haya tu. Nusu kabla kamera haijawashwa. Robo akiona rasimu, na rasimu iwe na jina lenu limekatiza katikati ya picha. Robo ya mwisho kabla ya faili safi. Marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Mimi niliwahi kumkabidhi msanii faili safi siku ya Ijumaa kwa ahadi ya Jumatatu. Hiyo Jumatatu haijafika mpaka leo.

Nije kwenye video ya wimbo, kwa sababu kuna mambo mawili matatu ambayo nahisi yanawala muda bila ninyi kujua.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50. Taa nyingi za ukumbini na za dukani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Pigeni fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na shata, ule muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50. Ukiacha kamera kwenye 30 na 1/60 kama ilivyotoka kwenye boksi, utakuta mistari inapanda na kushuka ukutani nyuma ya msanii, na hakuna rangi ya kompyuta itakayoifuta.

La pili ni kuhusu mwendo wa polepole, na hapa nawasimulia aibu yangu. Kwaya ya watu 32, juu ya mawe, saa 12 na nusu asubuhi, jua ndiyo linachomoza, sare nyeupe pee. Nikaweka kamera fremu 50 ili nguo zipepee taratibu. Spika inapiga wimbo kwa kasi yake ya kila siku, kwaya inaimba kwa furaha, mimi najiona bingwa. Jioni nikafungua kompyuta. Nguo zinapepea vizuri ajabu, na midomo ya watu 32 inatafuna maneno kama ng'ombe anayecheua. Kosta ilikuwa imeshawarudisha makwao na sare zimeshalowekwa.

Dawa yake ni kuandaa wimbo wa kasi mapema. Ukipiga fremu 50 na kuhariri kwenye 25, wimbo lazima upigwe mara mbili ya kasi yake uwanjani. Wimbo wa dakika nne unaisha kwa dakika mbili, msanii anaimba mbiombio kama dalali wa mnada, wote mnacheka, lakini ukiurudisha kwenye 25 midomo inakaa kwenye wimbo sawasawa na nguo zinaelea. Mwombeni prodyuza wa studio awatolee matoleo mawili, la kawaida na la kasi, yote yaanze na milio mitatu mifupi ya kuhesabia. Na awape faili kamili la wav, siyo lile lililozunguka WhatsApp mara nne. Msanii apewe siku mbili za kufanya mazoezi ya hiyo kasi. Akija hajazoea, betri itaisha mbele ya macho yenu.

Na msiache sauti ya kamera ikiwa imezimwa eti mtaweka wimbo wa studio. Hiyo sauti mbovu ndiyo kamba ya kufungia picha na wimbo. Kwa kwaya kuna jambo lingine ambalo hata wazoefu hawalioni: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 17 kutoka kwenye spika anausikia wimbo umechelewa kwa sehemu moja ya 20 ya sekunde, zaidi ya fremu moja. Ukiwapanga watu kwenye mawe kama yale ya Mlima wa Simba, wa chini karibu na spika na wa juu mita 30 nyuma, midomo ya juu itakuwa nyuma ya ya chini kwa fremu mbili. Mtazamaji hawezi kuitaja kasoro, ila moyo wake unaikataa. Wekeni spika katikati, au mbili ubavuni, na mkipiga safu ya nyuma isogezeeni spika.

Kuhusu jua letu sina mengi. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni linasimama utosini na kumchimbia msanii mashimo ya macho. Muda huo mwekeni kivulini, chini ya mbuyu, na shuka jeupe alilolishika mtu lirudishe mwanga usoni. Shuka la kitanda kabisa, la pamba. Hivyo virudisha mwanga vya kukunja vya rangi ya fedha kwenye upepo wa Agosti vinageuka tiara. Vumbi nalo: lenzi haibadilishwi nje. Ingia kwenye gari, funga vioo, elekeza mdomo wa kamera chini. Mkitaka kijani, pigeni Januari hadi Aprili. Mkitaka ile ardhi nyekundu iliyokauka, subirini Septemba.

Twende Kondoa.

Kupiga nyuma ya kamera kuna adabu yake, na kijana aliyezoea video za muziki huikosa kwa sababu kwake kelele si tatizo. Kwenye filamu sauti inarekodiwa palepale. Kabla ya siku ya kwanza zima mlio wote wa kamera, bandika kipande cha plasta nyeusi kwenye taa nyekundu, vaa viatu visivyolia na nguo isiyong'aa. Usisimame kwenye mstari wa macho ya mwigizaji. Kama analia akimtazama mama yake mlangoni, wewe usiwe mlangoni. Siku ya kwanza msipige sana. Wasalimieni watu, hasa fundi sauti. Mkielewana naye anaweza kuwapa waya mmoja kutoka kwenye mashine yake, na mtapata maneno ya waigizaji na ya dairekta safi kama ya filamu yenyewe. Bila yeye mtarudi na saa tisa za picha nzuri na upepo.

Mahojiano yafanyeni wakati taa zinahamishwa, maana wakati huo kila mtu yupo na hana kazi. Mbali na jenereta. Maiki ya kubana kwenye nguo, ndani ya shati. Mwambie unayemhoji arudie swali ndani ya jibu: ukimuuliza "ilikuwaje siku ya kwanza?", asijibu "ilikuwa ngumu", aseme "siku ya kwanza Kondoa ilikuwa ngumu kwa sababu…". Sauti yako utaikata, jibu litasimama lenyewe. Ukimaliza, waombe watu wote wanyamaze sekunde 30, urekodi ukimya wa mahali pale. Wataona unachanganyikiwa, mhariri wako atakushukuru. Na kama kuna mzee wa Kirangi anayesimulia habari za eneo, mwacheni aseme Kirangi chake. Maandishi chini ya picha yanatosha. Mzee akilazimishwa Kiswahili cha redio anakuwa mtu mwingine.

Ila hayo yote ni ufundi, na ufundi peke yake unatoa tangazo. Video nyingi za namna hii ninazoziona ni watu wanakumbatiana, wanakata keki na kusema "dairekta ni mtu poa sana". Nani ataangalia dakika tano za hayo? Tafuteni tatizo moja, mlifuate. Labda nyumba ya udongo inatakiwa ianguke mara moja tu na hakuna ya pili. Labda fundi mavazi ana gauni moja na mvua ya damu ya bandia inanyesha mara nne. Mfuateni huyo fundi tangu alfajiri. Mtazamaji atataka kujua kama gauni lilipona, na akiwa anasubiri ndipo mnamwonyesha kila kitu kingine. Kubalianeni tu na prodyuza kitu gani kisionekane. Mkifichua mwisho wa filamu, hamtaitwa tena.

Kuhusu mafaili, fanyeni hesabu kabla ya safari. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Saa tatu kwa siku, siku tatu, zaidi ya GB 400. Bebeni eksteno mbili, zile diski za nje za kuhifadhia, kila usiku nakili kwenye zote, na zisilale kwenye begi moja. Msifute kadi mpaka mhakikishe klipu zinafunguka.

Mkataba uwe hata ukurasa mmoja, lakini useme haya: picha ghafi ni za nani, wanaruhusiwa kuzitumia wapi, video inatoka lini na nani anaitoa, na ninyi mnaruhusiwa kuonyesha kipande cha dakika moja kwenye kazi zenu. Bila hilo la pili mtashangaa siku moja kuona picha yenu kwenye tangazo la bidhaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini karatasi iliyosainiwa hufupisha maneno. Muziki pia: mkiweka wimbo wa mtu kwenye video hii kisha mkaipandisha YouTube, mfumo wao utautambua na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo, hata kama alikuwa rafiki yenu siku ya kupiga. Ruhusa ya maandishi kwanza.

Vibali. Cha filamu ni kazi ya prodyuza, kwa Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976. Ninyi hakikisheni majina yenu yamo kwenye orodha yake, la sivyo mtendaji wa kijiji akiuliza, ninyi mnakuwa watu wa kupita. Kwa video ya msanii, afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuanzia. Droni ya kuazima isiyo na karatasi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga iacheni nyumbani. Dodoma hii uwanja wa ndege uko katikati ya mji, Bunge liko pale, Ikulu iko Chamwino; si mji wa kujaribia bahati. Na kama filamu itafika kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006, ruhusa ni ya wasimamizi wa pale, na hata mkiipata: hakuna kugusa mwamba, hakuna mashine ya moshi, na mtu asiimwagie maji michoro ili ikolee. Watu wamefanya hivyo kwa miaka mingi na imeiharibu.

Mwenzenu wa Dar nimemweka mwisho kwa makusudi. Anasema hapa hakuna soko. Soko la video za wasanii wakubwa, ni kweli, liko huko. Lakini tembeeni mtaani kwenu na macho ya biashara. Wizara zimehamia hapa, taasisi nyuma yake, mashirika nyuma ya taasisi. UDOM ipo tangu 2007, na vyuo vingine vipo. Kwaya hazina idadi na hulipa kwa utaratibu kuliko wasanii, maana zina mweka hazina. Hawa wote hawataki video ya wimbo wenye magari. Wanataka mtu anayejua kumfuata fundi wa mradi wa maji tangu alfajiri, kumhoji mama wa Bahi anayelima mpunga mpaka asahau kamera, na kurudi na dakika tano ambazo waziri ataangalia hadi mwisho. Hiyo ni kazi ileile ya nyuma ya kamera. Kila siku mtakayokaa Kondoa mnajifunza kazi ambayo mji huu unanunua. Ndiyo maana nasema mwende, na ndiyo maana nasema mlipwe.

Sajilini jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mchukue TIN ya mlipakodi na leseni, kisha mjiunge na NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, kwa sababu serikali hainunui kwa kupigiana simu. Dar mtaifikia kwa treni: tangu SGR ianze mwaka 2024, ni chini ya saa nne. Lenzi ya kukodi inakuja asubuhi, na msanii wa Dar anayetaka mawe, mibuyu na mashamba ya zabibu anaweza kuja na kurudi. Akija akitaka pia ngoma ya Kigogo, mwambieni kikundi kinalipwa kama wacheza shoo wengine, na kirekodiwe moja kwa moja. Zile sauti zinazopishana na zeze haziigizwi juu ya spika. Marehemu Hukwe Zawose alizipeleka dunia nzima, ni ajabu sisi wa hapa kuzifanya pambo la sekunde tatu.

Kwa ratiba: kamera ni moja, kwa hiyo Kondoa kwanza, waende wawili. Wa tatu abaki mjini amwandae msanii, atafute sehemu, afuatilie wimbo wa kasi studio. Msanii apigwe wiki inayofuata. Na usiku huu, kabla hamjalala, watumieni wale wa Kondoa ujumbe huu:

"Habari za kazi kaka. Tumelipokea ombi lenu la video ya nyuma ya kamera, na tuko tayari. Tutakuja watu wawili, siku tatu za kupiga, siku sita za kuhariri. Mtapata filamu moja ya dakika tano na vipande sita vya sekunde 30 vya kutazamwa kwenye simu. Gharama na mkataba tumeambatanisha. Usafiri, malazi na chakula tunaomba viwe kama vya wafanyakazi wengine wa filamu. Mkishatuma kianzio tutawapa majina yetu yaingie kwenye kibali. Na picha mnato kumi za bango tutawapa bila malipo. Hizo ndizo nyongeza."